Mjomba Hajaambiwa

Mwanangu, mimi si mtu wa kushtuka. Niliingia Morogoro na shati moja na elimu ya darasa la nne. Kiwanda kilichoniajiri kikatupunguza kazini, nikaingia kwenye mitumba siku zile biashara zilipofunguliwa, na miaka mitano haijaisha nina kibanda changu, pikapu yangu, na watu wawili nawalipa mshahara. Nitajie mwingine wa darasa la nne aliyefanya hivyo. Nimeibiwa, nimeunguliwa na mzigo, nimelala mahabusu kwa kosa la jirani. Nikajisemea, dunia imeishiwa vya kunionyesha. Ikaja Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo nashika kidevu.

Nilikuwa nauza raba. Vijana wote wa mpira wa kikapu mjini walikuwa wateja wangu, maana raba mpya za dukani zilikuwa za kutazama kupitia kioo. Mtu akiniletea raba zake kuukuu nimpunguzie bei ya nyingine, nilikuwa nazigeuza nikasoma soli. Wewe umesoma vitabu, hongera. Mimi nimesoma soli. Aliyelika kisigino ni mvivu. Aliyelika ncha peke yake anaruka, lakini hajui kugeuka.

Siku moja akaja binti wa kidato cha sita, jina lake Mwanaidi, mtoto wa Kinole, mwenye miguu ya mtu aliyeshusha ndizi mlimani tangu utotoni. Raba zake zilikuwa zimelika kwa ndani, kushoto na kulia sawasawa. Nikamwambia, "Wewe unakata kona kotekote."

"Kaka, uliniona wapi nikicheza?"

Sikuwahi kumwona. Jioni nikafunga kibanda mapema nikaenda uwanjani. Alikuwa gadi, yule anayeuleta mpira na kuugawa. Mpira anaudundisha bila kuutazama, macho yako kwa wenzake, halafu unashangaa hayupo pale ulipomwacha. Mabinti wawili waliomkaba waligongana wao kwa wao. Nikasema, huyu si wa kubaki hapa.

Nikasikia kuna Mtanzania anayefundisha mchezo huo katika chuo kimoja Marekani, amekuja likizo, anatafuta vijana. Nilimfuata hotelini mimi mwenyewe, hatujuani, sina miadi. Akaja, akamtazama Mwanaidi mara mbili, akaandika kwenye kidaftari chake, akasema, "Nampeleka. Chuo kitamsomesha, yeye atacheza. Ila fomu hii isainiwe na mlezi wake kabla sijaondoka Jumatatu."

"Kocha, hilo niachie mimi," nikasema, na kifua mbele.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu mtoto ni wa baba, na anayemtaka mtoto huenda kwa baba. Nikapanda Kinole na pikapu, nikamkuta baba yake, Mzee Shomari, mtu mpole, mcheshi. Nikampa koti zuri nililolichagua kwenye mzigo wangu, nikamwongezea redio. Akafurahi, akaweka dole gumba kwenye fomu. Nusu saa haikufika, nimeshashuka. Njiani nilikuwa napiga mluzi. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, lakini wahenga hawakuwa na pikapu, na mimi sikuwa na muda nao.

Jumamosi tukakusanyika uwanjani. Timu nzima ipo, kocha yupo, Mzee Shomari kashuka na koti lake, na jua lote lile hataki kulivua. Kocha akaiweka fomu kwenye benchi, akampa Mwanaidi kalamu. Binti akalitazama lile dole kwa muda mrefu.

"Mjomba ameambiwa?"

"Mjomba gani tena?" nikamuuliza. "Baba yako kashaweka dole."

"Mjomba hajaambiwa. Basi siendi." Akairudisha kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayerudisha sahani.

Mwanangu, kukataliwa hadharani. Mimi! Masikio yaliwaka moto. Nikawaza, binti huyu ana wazimu? Marekani, chuo, bure, halafu mjomba? Wenzake wakaanza kucheka chini chini, na mmoja mwenye mdomo akapaza sauti, "Bosi, umepeleka posa nyumba ya jirani!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikamgeukia baba. "Mzee Shomari, si ulikubali wewe?"

"Nilikubali, na sasa nakubali," akajibu taratibu, akijikung'uta koti. "Uliniuliza kama nakubali. Hukuniuliza kama mimi ndiye wa kuulizwa."

Pale ndipo nikafundishwa, tena mbele ya watoto, kitu ambacho kila muuza ndizi mjini alikijua: kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Baba anampenda mtoto, anamlea, lakini neno zito la mtoto analo kaka wa mama yake. Miaka yote ile nakula na Waluguru, nauziana nao, nacheka nao, sikuwahi kuuliza. Kuuliza si ujinga, ila mtu mwenye majivuno huona kuuliza ni kukiri deni.

Kesho yake, Jumapili, tukapanda wote wanne, mimi, kocha, binti na baba yake. Mjomba, Mzee Abdala, tulimkuta barazani akigeuza karafuu kwenye jamvi. Safari hii nilipiga hodi, nikangoja, nikavua viatu, nikatoa shikamoo yangu nimeinama hasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Marahaba, bwana mdogo. Gari lako nalijua. Lilipita mlangoni hapa kwenda na kurudi, vumbi lote likaishia kwenye karafuu zangu."

Nikangoja kufukuzwa. Badala yake akaomba fomu, akatoa miwani mfukoni, akaanza kusoma. Kwa Kiingereza, mwanangu! Nusu kwa sauti, bila kukwama, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mkulima tu. Kumbe alikuwa karani wa shamba la mkonge miaka mingi, na ada za shule za Mwanaidi, kidato cha kwanza mpaka cha sita, alizitoa yeye kwenye karafuu hizo hizo nilizozitia vumbi. Fomu ile mimi nilikaa nayo mfukoni siku tatu, naipigapiga kama noti, bila kujua imeandikwa nini.

Kidole kikasimama. "Hapa panasema mwaka mmoja. Wa pili je? Akivunjika goti?"

Kocha akakohoa. "Mzee, ikiwa hawezi kucheza, chuo kinaweza kusitisha malipo."

"Na mtoto?"

Kocha akasema, "Toka nianze kazi hii, hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza hapo."

"Basi tuandikie. Akiumia, aendelee kusoma. Barua yenye muhuri wa chuo ikifika, mtoto anaondoka. Isipofika, karafuu zipo, atasoma hapa hapa." Mwanaidi alikuwa amekaa karibu na mlango, viganja vimefumbatana. Kocha akaandika. Mzee akaisoma mara mbili, akaingia ndani kushauriana na bibi wa ukoo, akarudi, akatia saini yenye mikato mizuri ambayo mimi hata leo siiwezi.

Halafu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemwona. Kwenda, chuo kinalipa. Kurudi je? Aliyemwona ndiye atakayemrudisha. Nauli ya kurudi iwekwe benki kwa jina lake kabla hajapanda ndege, asije akaomba mtu ugenini." Nikamtazama binti. Mdomo huu wenye maneno mengi ukasema, "Nitaweka." Pikapu nikaiuza wiki iliyofuata, nauli ikaingia benki.

Barua ilikuja na muhuri wake, akaenda. Na mwaka wa pili, mwanangu, goti likaumia kweli. Kwa dole lile nililojipatia kwa koti na redio, angerudishwa kama furushi. Kwa barua ya mjomba akaendelea na darasa, akamaliza, akarudi nyumbani kwa nauli ile ile, na shahada mkononi.

Basi nakuusia. Ukiona kipaji cha mtoto wa mtu, usikimbilie kwa aliye karibu kukubali. Tafuta kwanza nani ana neno, ukapige hodi kwake, hata kama mlango wake ni wa mabua na wewe una gari. Karatasi usiyoijua, mpe anayeijua aisome, na usione haya. Na usimpime mtu kwa jamvi alilokalia.

Mungu akujalie jicho la kuona vya wenzio na goti la kuinama mbele yao. Akuepushie somo la bei ya langu, maana lile mimi nilililipia taslimu: shilingi laki nne, elfu themanini na sita, na mia tano.