Kanda ya Kaka na Matarumbeta ya Baba

Kaka yangu aliijua bendi ile kwa fulana kabla hajasikia hata wimbo wake mmoja. Alikuwa muuza mitumba, na katika kila belo alilofungua, chini ya makoti mazito ambayo hakuna mtu wa Mwanza angeyavaa, hazikukosa fulana nyeusi zenye mafuvu na ndimi za moto. Wateja walizikataa. Wengine walisema ni za shetani, wengine walisema zinapauka upesi. Kaka akawa anazirudisha nyumbani, mimi nazipunguza mabega kwa cherehani yangu, yeye anazivaa. Baadaye akapata kaseti ya bendi moja kati ya zile za kwenye fulana, na ugonjwa ukaanzia hapo.

Nasema ugonjwa kwa sababu sina neno jingine. Mji mzima ulikuwa unasikiliza dansi la Wakongo na kwaya, na vijana wachache walikuwa wameanza kughani kwa Kiswahili. Kaka na wenzake watatu walijifungia chumba cha uani na kutikisa vichwa kama kuku walionyeshewa. Mmoja alikuwa fundi redio, mwingine alipaka maboti rangi, na wa tatu alikuwa ametoka seminari bila kumaliza. Kiingereza chao kilikuwa cha kubangaiza, ila maneno ya nyimbo zile waliyajua yote. Siku moja niliwapelekea chai nikamkuta kaka anafuta machozi. Nikamwuliza nani kamuudhi. Akasema ni gitaa. Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Baba hakucheka. Baba alikuwa kiongozi wa matarumbeta wa kanisa letu la Kilutheri, kazi aliyokuja nayo kutoka upande wa Bukoba na ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, hata kiwanda cha nguo kilipompunguza pamoja na wenzake. Kule kwetu Mkuyuni hakuna Mlutheri aliyeshushwa kaburini bila baba kupuliza. Akipita mlangoni kwa kaka alikuwa anasema, "Punguzeni hayo mabati." Kaka hakukasirika. Alikuwa amesikia kwenye redio ya mbali kwamba bendi yake ilikuwa na mpango wa kupiga na okestra nzima, fidla na matarumbeta, na kamera zingekuwepo. "Baba," alikuwa anajibu, "siku ukiwaona hawa wamekaa na watu wa tarumbeta, utaniomba radhi." Akamwagiza mpakiaji mmoja wa pale uwanja wa ndege, kijana aliyekuwa anapakia minofu ya sangara kwenye ndege za Ulaya na kuzoeana na wazungu wa ndege. Kanda ya video ya onyesho hilo ikitoka tu, wamletee.

Kisha kaka akaenda Ukerewe na mzigo wa nguo. Upepo ulilikuta boti katikati, boti lenyewe limejazwa kama kawaida ya wenye maboti wetu, Mungu awasamehe, mimi bado. Watu walipatikana, wazima na wafu. Mabelo mawili ya kaka yalielea hadi kwenye mawe ya ufukweni, nguo zikaanikwa na watu tusiowajua. Kaka hakupatikana. Tulitembea ufukweni tukiuliza kila mvuvi, mpaka wakawa wakituona kwa mbali wanatikisa vichwa kabla hatujafika.

Baba mdogo akaja kutoka Bukoba na jambo ambalo wazee wa kwetu wanalijua. Mtu asipopatikana, hukatwa mgomba, hufungwa shuka kama maiti, huzikwa mahali pake. Hapo waliofiwa wanaweza kunyanyuka wakanawa. Mama alilikubali kabla halijamalizika kusemwa. Baba akakataa.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Siziki mgomba."

"Basi tumzike nani?" mama akamwuliza.

"Tungoje. Asiyeonekana hatujui kama amekufa."

Lilikuwa neno la upendo, sasa naona, lakini wakati ule nilitaka kumrushia kiatu. Kwa neno hilo nyumba yetu ilikaa msibani bila msiba. Hakuna aliyeruhusiwa kumwita kaka marehemu. Mama alibaki amejifunga kitenge kiunoni, kama mtu aliyepata habari jana, msimu baada ya msimu. Hakulia pia, maana kulia ni kukiri. Baba akalifungia tarumbeta lake kwenye sanduku, na wenzake wakafiwa na wakazika bila yeye. Mimi nilishona nguo za harusi za watu. Hakuna kati yetu aliyejua la kufanya, na kila mmoja alikuwa na hasira na wenzake kwa kutokujua.

Ndipo yule mpakiaji wa minofu akabisha hodi mchana mmoja, ana bahasha kubwa kwapani. Alikuwa amehamishwa, amerudi, hajui lolote.

"Mzigo wa kaka yako umefika," akaniambia, anatabasamu. "Mwambie nilimwambia nitauleta."

Nilishindwa kumwambia. Nikapokea, nikasema asante. Ilikuwa kanda ya video, na picha ya kifuniko ilionyesha wapiga magitaa mbele, na nyuma yao safu na safu za watu wenye fidla. Na matarumbeta.

Wale wenzake watatu wa kaka waliijua habari hiyo kabla jua halijatua, sijui nani aliwaambia. Walikuja wakaketi sebuleni na kutazama miguu yao. Hatukuwa na deki, na wao hawakuwa nayo. Kule chini, jirani na akina mama wanaokaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapaa, palikuwa na ukumbi wa video wa mabati ulioonyesha karate na picha za Kihindi. Mwenye ukumbi alikuwa tayari kuwaachia Jumapili mchana. Waliomba kanda kwa sauti ya watu wanaoomba maji.

"Mzigo wa mwanangu hautazamwi na watu wengine kabla yangu," mama akasema. "Nitakuja."

Baba akasema mke wa mzee wa kanisa haingii ukumbi wa video. Mama akaichukua kanda, akaiweka chini ya mto wake. Jumapili ile baba akavaa suti yake ya ibada na kutangulia mbele.

Vijana walikuwa wamevaa fulana zao nyeusi, zile nilizozipunguza mimi, na walikuwa wamezipiga pasi. Wakasimama wote tulipoingia. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Wakatupisha benchi la mbele. Baba hakulitaka, akakaa karibu na mlango na kofia magotini. Nilimfahamu: alikuwa anajiwekea njia ya kutokea.

Kanda ikaanza. Watu wa okestra waliingia wote wamevaa nyeusi, wanaume kwa wanawake, wakakaa kimya kama walio mbele ya madhabahu. Fidla zikaanza chini chini, halafu matarumbeta, na nikasikia benchi la baba likilia, amesogea mbele. Halafu magitaa. Wale watatu walipiga ukelele mmoja, wakaanza kutikisa vichwa na kuimba, fundi redio amefumba macho, yule mpaka rangi anapiga ngoma hewani. Walikuwa na furaha kiasi kwamba niliwaonea wivu. Mimi niliyeuita muziki ule ugonjwa, sikuona ugonjwa. Nilimwona kaka mlangoni pa chumba cha uani anasema, utaniomba radhi.

Kamera ikageukia waliokuja kutazama. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Maelfu ya watu gizani, na wengi wao wanalia. Msichana mmoja alikuwa ameshika mashavu yake, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Wanaume wazima wamekumbatiana. Wengine wameinua viberiti, vimoto vidogo vidogo hadi nyuma kabisa, na wote wanayumba pamoja polepole, wakiitikia wimbo usio na maneno.

Mama akamshika mkono aliyetoka seminari. "Wanamzika nani?"

Si kosa lake. Watu wamevaa nyeusi, wanalia, wameshika mioto, na matarumbeta yanapulizwa. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu.

"Hawaziki, mama," kijana akajibu, akiinamia sikio lake, na kwa sababu ya muziki ilimbidi apaze sauti. "Ni wapenzi wa bendi. Wamefurahi."

"Aliyefurahi analia hivyo?"

"Ndiyo mama. Ukiipenda sana, inakuliza. Hata marehemu alikuwa analia hivi hivi, kwenye wimbo huu huu."

Ulimi ulimteleza. Nilimwona anavyojiziba mdomo, lakini neno lilikwishatoka, na lilikuwa limesemwa kwa nguvu ukumbini, mbele ya baba.

Mama alisimama. Akaweka mikono kichwani, na kilio alichokuwa amekifungia muda wote ule kikatoka. "Mwanangu weee! Mwanangu wee, umeniacha na nani!" Wale akina mama wa mapanki walisikia. Kwetu ukisikia kilio huulizi, unaingia kwanza. Wakaacha makarai motoni wakaingia na aproni zao zenye mafuta, na wapita njia nyuma yao, na kila aliyeingia alijiunga. Kwenye televisheni watu wa Ulaya walikuwa wanalia wakitutazama, na sisi tunalia tukiwatazama wao. Wale watatu walisimama katikati na fulana zao, hawajui wawashike akina nani. Mwenye ukumbi alibaki ameshika rimoti yake, akanitazama mimi. Mwisho akazima.

Nilimtafuta baba. Alikuwa bado kwenye benchi lake. Kofia ilikuwa imeanguka na alikuwa anaitazama tu pale chini.

Asubuhi nilisikia panga nyuma ya nyumba. Baba alikuwa anakata mgomba. Akaupunguza mpaka urefu wa mtu, akaufunga shuka lake jeupe la kitandani, halafu akaanza kuchimba pembeni, kwenye kipande pekee cha uwanja wetu chenye udongo. Mlima wetu ni mawe matupu. Kila alipopiga sururu iligonga mwamba, anasogea kidogo, anapiga tena. Wale vijana watatu walikuja bila kuitwa wakamnyang'anya zana kwa heshima. Majirani wakaja. Shimo lilipokuwa limefika kiunoni, jiwe moja kubwa likakataa kabisa, wakaishia hapo.

Mama akatoka, akausogelea ule mgomba ndani ya shuka, akaugusa. Ndiye aliyeutaka siku zote hizo.

"Huu ni mgomba," akasema.

"Najua," baba akasema. "Sina kingine, mama. Niambie nikufanyie nini."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akiomba kitu kwa mtu. Mama akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na fulana nyeusi ya kaka, ile ya kwanza niliyoipunguza. Ndani yake alikuwa amefunga kitu cha pembe nne. Tulikijua wote kabla hajainama.

"Alichokuwa anakililia," akasema. "Kilimtafuta hakikumkuta. Akipate."

Akaushusha ule mfuko wa fulana juu ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe. Nikawatazama wale watatu. Walikuwa wamesimama mikono nyuma, wametota jasho la kuchimba. Ilikuwa kanda pekee Mwanza, na kama ilikuwepo nyingine nchini hakuna aliyejua. Fundi redio akanitazama mimi, macho yanasihi, kana kwamba dada ana neno la kumwambia mama yake juu ya kaburi. Na ukweli ni kwamba hata mimi niliitaka.

Baba alilifungua sanduku. Akaweka tarumbeta mdomoni, na ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena, pumzi. Midomo ilikuwa haishiki kwa kulia. Tukakaa tunamngoja, na hakuna awezaye kumpulizia mtu tarumbeta lake. Ndipo aliyetoka seminari akaanza, chini chini, ule wimbo usio na maneno wa watu wa viberiti, na wenzake wakaitikia wakiyumba. Majirani walidhani ni wimbo wa kanisa wasioujua, wakautafuta nao. Baba alishusha tarumbeta akasimama nalo kifuani mpaka walipomaliza.

Mama akafungua kitenge kiunoni. Akachukua udongo, akarusha. Baba akarusha. Ikawa zamu yetu, na aliyetoka seminari akanisogelea na kuninong'oneza, macho yake bado yako kwenye shimo.

"Dada," akasema, "nusu ya pili hatukuiona."

"Najua," nikamwambia. "Chukua udongo."