Waya Ofisini kwa Sir

Binti wa waajiri niliowafanyia kazi za ndani alivunjika mguu, akafungwa hogo la plasta mpaka gotini. Alikuwa msichana wa sekondari, na kwa kuwa haendi shule, alikuwa akikutana na wenzake kwenye mchezo wa mashindano ya magari. Kompyuta yake ilikuwa nyembamba kama sinia, haina nguvu ya kuubeba mchezo ule. Mchezo uliendeshwa kwenye mitambo ya mbali, yeye akiletewa picha tu kwa intaneti. Mchana ule picha zikawa zinakwama. Gari lake linasimama, halafu linaibuka limeshagonga ukuta.

"Anti, njoo unisaidie!"

Niliacha pasi. Madam na sir walikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu ndani ya fleti ile ya mtaa wa Al Nahda, huko Uarabuni.

Nikawa miguu yake. Nilimletea chaja, maana alisema kompyuta ikitumia betri hujibana nguvu. Nikazima runinga na simu zetu zote mbili, zisigombanie intaneti. Bado ikakwama. Akasema waifai haifiki vizuri chumbani kwake. Dawa ni waya, kutoka kwenye kisanduku cha intaneti moja kwa moja.

Kisanduku kilikuwa ofisini kwa sir, na mimi nilikatazwa kuingia humo madam asipokuwepo. Nilimkumbuka Mtanzania mwenzangu wa ghorofa ya juu. Pete ya bosi wake ilipotea, wiki ile ile akapandishwa ndege. Pete ilikuja kuonekana kwenye mfuko wa koti, yeye keshafika Singida.

"Nitamwambia baba ni mimi," msichana akasema.

Niliingia. Nyuma ya meza nyaya zilikuwa zimesokotana. Nilivuta mmoja, na taa zote za kisanduku zikazimika. Nikaurudisha, hazikuwaka; nikauchomoa tena. Nikiwa bado nimepiga magoti, mlango wa mbele ukagongwa kwa ngumi.

"Dada, fungua! Fungua sasa hivi!"

Alikuwa mlinzi wa jengo, Mkenya. Nilifungua, waya ungali mkononi.

"Bosi wako anasema kamera za nyumba zimezima, na simu yako haipatikani," alisema, akiutazama ule waya. "Dada, umefanya nini?"

Akanipa simu yake. Sir alikuwa anapiga kelele: "Binti yangu yuko wapi? Yuko wapi?"

Kiingereza chote kilinikimbia. Niliona uwanja wa ndege, nikamwona mama akinipokea bila kuniuliza kitu. Msichana akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, akaninyang'anya simu.

"Baba, niko hapa! Mimi ndiye niliyemtuma!"

Hata hivyo sir alikuja. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu, kisha akaingia ofisini na kufungua droo moja baada ya nyingine, mimi nimesimama mlangoni. Alipomaliza aliwasha kisanduku, akautandaza waya mwenyewe mpaka chumbani kwa binti. Mchezo ukaenda bila kukwama.

"Khalas, yamekwisha," aliniambia. "Lakini simu usizime tena."

"Yes, sir."

Nilirudi kwenye pasi. Shati lake jeupe lilikuwa bado limetandazwa mezani, nami sikuweza kulishika. Niliketi kwanza sakafuni, nikaegemea mguu wa meza.