Swali la Siku Mezani kwa Jirani

Siku hizi ofisini kwetu, huku Upper Marlboro, Amerika, kazi haianzi kabla watu hawajajibu swali la siku. Ni mchezo wa kwenye simu. Kila asubuhi unakuuliza tarehe kama ya leo, miaka iliyopita, kulitokea nini duniani, nawe unachagua jibu. Wenzangu hutaniana juu yake wakisubiri kahawa. Wiki jana swali lilihusu ukuta wa Berlin, siku ulipofunguliwa. Mmoja akaniuliza mbona mimi sichezi kamwe. Nikamwambia sina bahati na michezo, nikarudi mezani kwangu. Wewe lakini nitakusimulia, rafiki yangu, maana kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amesimama kando ya mashine ya kahawa.

Nazungumzia miaka ya elfu mbili na ushei, tulipokuwa tukiishi Temple Hills. Mama alikuwa akihudumia wazee katika makao ya kuwatunza, na zamu yake iliisha giza likishaingia. Kwa hiyo tuliposhuka kwenye basi la shule, mimi na dada yangu mkubwa hatukwenda kwetu. Tulikwenda nyumba ya pili, kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa Mmarekani Mweusi, mjane, amestaafu kazi ya serikali. Alipokuwa msichana alisoma Kiswahili katika darasa la jioni, kwa mwalimu kutoka Tanzania, na hakukiacha tena. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mama akitupigia simu alisema, "Malizeni homework, leo nina-cover zamu ya mtu," lakini jirani alisema, "Tafadhali ketini, fungueni vitabu vyenu." Alitaka tumwite Shangazi. Alitaka pia tumwamkie shikamoo, jambo ambalo lilimchekesha Mama. "Sisi kwetu Kenya bara hatusemi hivyo sana," Mama alituambia, "lakini mwamkieni tu. Heshima haimchomi mtu mdomo."

Sisi tulikuwa watoto wa huku. Kiswahili tulikisikia chote, ila tulijibu kwa Kiingereza. Jirani aliliona hilo kuwa aibu yake mwenyewe, akaamua kuiondoa. Kila asubuhi alisoma gazeti, na ndani yake mlikuwa na safu ndogo ya mambo yaliyotokea tarehe kama hiyo. Alichagua moja, akaligeuza swali. Tukishanawa mikono na kuketi, alisimama kando ya jiko na kuuliza, "Haya, wanangu. Leo ni siku ya nini?" Kisha alitupa vidokezo kidogo kidogo: meli kubwa, bahari yenye barafu, au watu wawili waliovaa mavazi mazito, wakitembea mahali pasipo na upepo. Aliyejibu alipata kipande cha kwanza cha mkate wa mahindi, ukiwa bado moto, umepakwa siagi na asali. Sharti lilikuwa moja, jibu litoke kwa Kiswahili. "Jibu baya kwa Kiswahili," alisema, "nalipenda kuliko jibu zuri kwa Kiingereza." Ndiyo maana siku moja nilisema kwamba watu walikwenda mwezini kwa matatu, na mkate nikapewa.

Nyumba ile ilinukia majani ya kijani yaliyochemshwa na bawa la bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi. Mama alipoyaonja mara ya kwanza alisema, "Hii ni sukuma wiki iliyofika Amerika kabla yetu." Juu ya paa zilipita ndege za kijeshi zikielekea kutua kambini, vioo vya kabati vikitetemeka, na jirani alisubiri zipite ndipo aendelee na swali lake. Mwezi Desemba, siku ya uhuru wa Kenya, alitusimamisha wima kabla ya kuuliza. Dada alijibu kabla swali halijaisha. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone dada yangu akijivunia kwamba ana kwao.

Jirani alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa kiume, askari. Ndiye aliyetutilia upepo baiskeli zetu na kumsaidia Mama kusukuma theluji mlangoni. Hakujua Kiswahili, kasoro maneno mawili. Alipopelekwa vitani Iraki, alipiga simu mara chache, na mara nyingine simu hiyo ililia tukiwa mezani. Mama yake alimuuliza swali la siku, kwa Kiswahili hichohicho, akiwa ameibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Tulimsikia kijana akijibu kutoka mbali, sauti ikikatikakatika, "Sijui, Mama." Basi jirani alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia mkate wake utamngoja.

Siku ya ukuta wa Berlin ilikuwa ya mvua. Majani yalikuwa yamekwisha mitini, na barabara yote ilikuwa ya rangi ya jivu. Jirani alikuwa ameshauliza swali na vidokezo ameshatoa: mji mmoja, watu wamegawanywa, usiku mmoja wakapita. Dada alikuwa akitafuta neno la ukuta. Kengele ya mlango ikalia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikaenda kufungua nikidhani Mama amewahi kutoka kazini.

Walikuwa wanaume wawili waliovaa sare za jeshi zilizonyooka, kofia wamezishika mikononi, mvua ikiwanyeshea. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mama yangu yuko. Nikajibu hapana, yuko kazini, hii ni nyumba ya jirani. Nyuma yangu nikasikia jirani akisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Funga mlango, mwanangu. Waambie hatupo."

Sikuufunga. Wala wao hawakuingia mpaka alipokuja mwenyewe, akaniondoa mlangoni kwa kunishika bega. Dada alinivuta jikoni. Tuliketi tukautazama mkate, tukamsikia mmoja wao akisema juu ya yule kijana maneno aliyokwisha kuyakariri, na jirani akijibu "ndiyo, bwana," "ndiyo, bwana," kwa Kiingereza. Hakulia mbele yao. Walipoondoka, alirudi jikoni, akazima jiko, akasimama hapo akishikilia kitambaa cha vyombo kama mtu aliyesahau alichotaka kufuta.

Mama alikuja na sare yake ya kazi. Alipiga simu kwa wanawake wa kanisa letu la Wakenya kule Bowie, na kabla ya jua kuzama kesho yake nyumba ilikuwa imejaa. Walikuja na chapati na chai ya maziwa, wakakaa sakafuni, wakaimba kwa sauti ya chini. Dada wa jirani alikuwa amefika kutoka Carolina, akashangaa, akauliza hawa watu watakwenda lini. Jirani alimjibu, "Hawaendi. Haya ni matanga yao. Niliyasoma darasani, sikujua kwamba yatakuwa yangu." Mama alimshika jirani mkono. "Dada," alimwambia, "kwetu mtu hafiwi peke yake."

Baada ya mazishi maisha yalitaka kurudi palepale. Mama alikuwa na zamu zake, na sisi tuliendelea kwenda kwa jirani. Alitupikia na kutukagua vitabu, lakini swali halikuulizwa. Magazeti yalilala mbele ya gereji ndani ya mifuko yake ya plastiki, mvua ikayapiga. Siku moja dada yangu aliokota la juu, akalifungua mezani, akatafuta ile safu. Alijikaza kutafsiri, maneno yakimkwama, akauliza, "Shangazi, leo ni siku ya nini? Ni vita. Mji ulianguka."

Jirani alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Sitaki kujua tena," alisema. "Miaka yote nimewauliza mambo haya. Meli imezama. Vita vimeanza. Mji umeanguka. Na mimi nikawapa mkate kwa kukumbuka. Kila siku kati ya hizo ina mama yake, na mimi nilikuwa nikicheza nazo."

Dada alilikunja gazeti.

Tangu siku hiyo Kiswahili kilianza kumtoka. Kwanza alituitikia salamu kwa Kiingereza, kisha tukaacha kumwamkia shikamoo kwa kuwa ilionekana kumchosha. Mwaka ulipogeuka, siku ile ya ukuta wa Berlin ilipofika tena, Mama alituvalisha nguo za kanisani, tukavuka ua kwenda kwake. Alitufungulia mlango, akatutazama mmoja mmoja. "Mnajua leo ni siku gani?" aliuliza, kwa Kiswahili. Mama akajibu, "Tunajua, dada." Tukaketi naye sebuleni mpaka kiza kikaingia, taa zikiwa hazijawashwa.

Majira ya miti kuchipua yalipofika aliuza nyumba, akahamia Carolina kwa dada yake. Mwanzoni Mama alimpigia simu kila Jumapili, baadaye kila sikukuu, kisha sisi tukahamia Bowie, namba zikabadilika, unajua yanavyokuwa. Dada yangu sasa ana watoto. Huwasemesha kwa Kiingereza, nao humjibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeona kwamba kitu kimepungua. Miaka miwili iliyopita Mama alimtafuta jirani tena. Simu ilipokewa na mpwa wake, akasema shangazi yake alikwisha fariki zamani. Mama akamuuliza lini. Yule kijana akafikiri, akasema hana hakika, labda majira ya baridi, atauliza watu. Hakupiga tena.

Kwa hiyo siku yake hatuijui. Mama humwombea hata hivyo. Huanza tu akiwa anaosha vyombo au anakunja nguo, siku yoyote inayomjia, na mimi nikiwapo huzima televisheni nikasimama karibu naye.