Gardien Alphonse na Bantu ya Pijama

Musiniambie habari ya Alphonse, minye njo ninamujua. Bantu ya Kikula, mutaa yetu, banasema alikuwa muvivu, bengine banasema alinunuliwa, bengine banasema miguu yake iliumbwa mubaya. Uongo mutupu! Alphonse alikuwa gardien, mulinda goli muzuri kuliko bote tuliona hapa Likasi, na anayesema vile ni mie, Mama Henriette, muntu mwenye macho. Shida ni ile fainali na timu ya mutaa ya Panda. Dakika ya mwisho, mupira ilikuya polepole, inachoka njiani, inatafuta nafasi ya kulala. Mama mwenye mimba kubwa angeinama akaiokota. Alphonse aliinama muzuri, alifungua mikono muzuri, na mupira ilipita katikati ya miguu yake, ikaingia ndani ya goli bila kubisha hodi. Tukapoteza kombe.

Tangu siku ile jina yake ilikufa. Bakamwita Mulango Wazi. Akipita soko, bamama ya mboga banabana magoti na kupiga kelele: “Mulango Wazi anakuya, tufunge!” Hata kuku ikipita katikati ya miguu ya muntu, bantu banasema, “Alphonse huyo.” Yeye anainamisha kichwa, anasukuma kinga yake, baiskeli ya makala, anaenda.

Wakati ile, usine za shaba zilikuwa zinanyamaza moja moja, na mushahara ilikuwa hadithi ya zamani. Babaume balikuwa banaikala mbele ya nyumba tangu asubuhi na salopeti safi, ju hakuna tena kazi ya kuichafua. Kitu ilibaki ni mupira tu. Njo maana bantu balishindwa kumusamehe.

Na mwenye kukataa kabisa kabisa alikuwa baba Philippe, président ya basupporters, shemasi ya kanisa, na, angalia bahati ya muntu, baba ya Martine! Alphonse alikuwa anamupenda Martine mpaka anasahau bukari kwenye sahani. Martine naye alimupenda, sijui alimuonea nini, mapendo haiulizake. Alphonse alituma bantu baende kuongea mambo ya ndoa. Baba Philippe akabajibu: “Mutoto yangu nitamupa muntu yeyote. Hata mwizi akitoka gereza ya Buluo leo, akinawa mikono, nitamupa. Lakini ule hapana! Mupira ya kutambaa ilimushinda, mambo ya nyumba ataiweza?” Bale bantu balirudi na kuku yao ya zawadi mukononi.

Sasa minye nilikuwa na vidéo nyumbani. Salon, televisheni, magnétoscope, na mabenchi ya kanisa. Courant, umeme ya Mwadingusha, ikikuya, tunaangalia, ikikataa, tunatukana. Kasete zangu zote zilikuwa zimechoka. Ile ya karaté, bantu banapigana mpaka katikati, kisha ni mvua tupu, na mpaka leo hatujui nani alishinda. Halafu kanisa ikapokea carton ya kasete ya mahubiri kutoka Amerika, bakanipa moja. Mahubiri ilianza muzuri, muzungu analia, bantu banaanguka. Katikati, tya! Mahubiri ikakatika, tukaona babaume bamevaa pijama. Kumbe muntu huko Amerika alirekodi muchezo juu ya Neno ya Mungu, bila haya! Na rangi hakuna. Kasete ya kule, hapa kwetu inaonekanaka nyeusi na nyeupe tu.

Blaise njo alikuwa interprète yangu. Anasimama pembeni ya televisheni na fimbo, anatufasiria. Kiingereza yake ilianzia “yes” ikaishia “okay”, lakini hakuna siku alikosa la kusema.

“Blaise, hii ni nini?” nikamuuliza.

“Mupira, Mama Henriette.”

“Mupira gani? Ule eko na muti ya kutwanga sombe!”

“Anatwanga mupira. Akiitwanga mbali, anakimbia, anazunguka, anarudi pale alitoka.”

“Sasa alitoka ju ya nini?”

Blaise akakimbiza fimbo yake kwa kitu ingine. Pembeni ya uwanja kulikuwa muzee moja, anagusa kofia, anagusa sikio, anagusa pua, anagusa mukaba, anatema mate. Salon yote ikapiga kelele: “Nganga! Nganga anafanya kazi yake!” Hapa kwetu nayo timu iko na muntu ya vile, lakini anajificha ndani ya majani, anaona haya kidogo. Ule ya Amerika anafanya mbele ya televisheni, anatafuna na kitu kinywani. Tuliongea habari yake siku mingi.

Kasete ikafika mwisho. Muntu moja alitwanga vibaya, mupira ikaanguka chini, ikabiringika polepole. Mbele yake alisimama mwanaume ya mustache, mukono moja ndani ya gant, glavu kubwa sawa bukari ya harusi. Aliinama muzuri. Mupira ikapita katikati ya miguu yake.

Kisha Alphonse, alikuwa benchi ya nyuma, akapanda juu ya benchi, machozi inamutoka: “Ndugu yangu! Mungu wangu, huyu ni ndugu yangu!”

Tukarudisha kasete, akalia tena. Kesho yake akakuya tena. Alifuga mustache, mawee! Mubaya sawa brosse ya viatu. Mumisionere moja alikuwa anapita, Alphonse akamukimbilia kumuuliza. Ule akatuambia muchezo inaitwa besiboli, ile mechi ni ya fainali ya mwaka 1986, na ile timu ya mwenye mustache ilikuwa inangojea kombe tangu mwaka 1918. Alphonse alishika kichwa. Lakini jambo moja tu njo ilikuwa inamukosesha usingizi, akamurudilia Blaise: “Yule muntu, eko na bibi?”

Blaise akatega sikio kwa televisheni. “Banasema eko naye.”

“Alimuoa mbele ya ile mupira kumupita, ao kisha?”

“Kisha,” Blaise akasema, muongo ule, bila kupepesa jicho.

Basi Alphonse akapata nguvu. Baba Philippe aone ile kasete! Aone kama hata Amerika, hata fainali, hata muntu anayelipwa kwa kazi ile, mupira inaweza kumupita. Akiona, ataelewa. Nikaenda kumuambia baba Philippe iko mahubiri ya Amerika kwangu, na uongo haikuwa, mwanzo yake ni mahubiri kweli.

Akakuya mchana, Martine nyuma yake, Biblia juu ya magoti, benchi ya mbele. “Amina!” anasema, “Amina!” Tya! Bantu ya pijama. Akasimama atoke, minye nikasimama mulangoni: “Baba, courant iko. Unaenda kufanya nini nyumbani?” Akaikala. Akaangalia plafond kule juu. Kisha akaangalia televisheni na jicho moja. Kisha akauliza, “Blaise, nani anaongoza?”

“Bale ya pijama ya rangi ya majivu, baba. Inabaki kidogo sana bashinde.”

“Basi niko na bale.”

Hapo plan yetu ikaanza kuoza. Tulisahau ule ni muntu gani. Président ya basupporters hawezi kuangalia mechi bure. Lazima achague timu na ateseke nayo. Na alichagua timu ya mwenye mustache! Biblia ikawa ngoma. Akaimba wimbo ya Kikula, jasho shingoni, macho inawaka. Tangu usine ifungwe sikumuona vile. Martine akamuangalia Alphonse, Alphonse akaniangalia minye. Kidogo tu, ile mupira itamuvunja baba Philippe mara ya pili, na ndoa itakuwa imekwisha milele.

“Mama, zima!” Alphonse akaninong'oneza.

Nikafinya, nikafinya. Kifungo ilikuwa ilikufa zamani. Tukaomba courant ikatike, na ile courant, inayokatikaka kila siku ya Mungu, siku ile ikasimama imara sawa askari. Alphonse akaruka mbele ya televisheni, akapanua mikono na miguu.

“Baba, imekwisha! Mumeshinda! Twende nyumbani!”

“Toka mbele!”

“Mumeshinda, baba!”

Baba Philippe akainama aone. Na pale chini, katikati ya miguu ya Alphonse, akaona mupira inabiringika polepole, ikapita katikati ya miguu ya ule mwengine.

Hakuna muntu alicheka, hata Blaise. Alphonse akasogea pembeni. Ndani ya televisheni bantu ya pijama nyeupe balikuwa banaruka na kukumbatiana. Mwenye mustache alikuwa anatoka uwanjani peke yake, kichwa chini. Baba Philippe alimufuata na macho mpaka akapotea.

“Blaise, sababu gani hakuna muntu anamukaribia?”

Blaise akashusha fimbo yake.

“Uwanja kubwa vile, anatembea peke yake?” Akamugeukia Alphonse. “Weye, siku ya Panda, nani alikutosha uwanjani, akakupeleka nyumbani?”

Alphonse akaangalia viatu yake. “Martine, baba. Alinishika mukono mpaka nyumbani.”

“Martine? Na minye nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa unakimbiza arbitre mwenye filimbi, papa,” Martine akasema.

Baba Philippe akatosha kitambaa, akapanguza uso muda murefu. Minye nilikuwa karibu kulia, na ile ilinikasirisha, ju hii ni nyumba yangu.

“Blaise, rudisha.”

“Kwa mahubiri, baba?”

“Pale mupira inaanza kubiringika. Na weye Alphonse, kuya huku, ikala. Mambo ya vile muntu haiangaliake peke yake.”

Alphonse akaikala. Mupira ikaanza tena kukuya, polepole, na baba Philippe akakamata mukono ya mukwe yake, nguvu.

“Sasa ataishika,” akasema. “Utaona. Sasa ataishika.”