Anatory wa Chama cha Wenyeji

Anatory alizaliwa kata ya Rwenkoba, kule Uhayani, mtaa wa juu ya soko, na ukikutana naye Guangzhou angekuambia hivyo kabla hujamaliza kumsalimu. Biashara ilimzungusha Dubai, ikamtupa Bangkok, na fedha ya kule ilipoporomoka mwaka tisini na saba akahamia China, akapanga chumba nyuma ya stesheni ya treni. Nyumbani alikuwa anakwenda kama mgeni wa Krismasi, na si kila Krismasi.

Wageni wote wa kwetu aliwapokea yeye. Msukuma, Mmakonde, hata Mkongo, hakuuliza kabila. Alikupeleka soko la Shahe kwenye nguo na Shiling kwenye mikoba, akakufundisha kumwambia laoban, yaani bosi wa duka, kwamba bei yake haina haya. Mimi safari yangu ya kwanza nililala na homa, akanipikia uji kama anampikia dada yake. Hilo simnyimi.

Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa mfuko wa fedha wa Umoja wa Wenyeji wa Rwenkoba.

Umoja ulianza kama kikundi cha kuzikana. Mtu akifa, wanachama wanachimba kaburi, wanabeba kuni, wanalala matanga. Vyama vingi vilipokuja, wakubwa wa kikundi wakaona kama wanaweza kuzika, wanaweza na kutawala. Sheria haikubali chama cha kata moja, basi wakajibanza chini ya chama kimoja cha kitaifa ambacho kwetu hakikuwa na mtu wala kiti. Wakachukua bendera yake ya kijani, wakatia maneno yao: vibanda vya soko ni vya wazaliwa.

Mimi ni Mchaga. Mume wangu alihamishiwa Rwenkoba kikazi, akafia hapo, na hapo ndipo alipozikwa. Kibanda changu cha nguo kilikuwa katikati ya soko hilo.

Diwani wa kata alipofariki mwaka tisini na tisa, ukatangazwa uchaguzi mdogo. Anatory akaja kunitafuta Shahe, kwenye duka la fulana, uso unang'aa.

"Mama Heriel, nagombea. Nina fulana za kampeni. Nipe nafasi kwenye kontena lako."

"Fulana za kunifukuza sokoni nizibebe mwenyewe?"

"Wewe hufukuzwi. Wewe ni wetu."

"Mmeandika hivyo kwenye fulana?"

Akacheka. Mama wa Kichina mwenye duka alikuwa ametandaza rangi za kijani juu ya meza, na Anatory alikuwa anazipapasa kama bibi harusi anayechagua kitenge. Nilimpa nafasi. Kontena lisipojaa linatuumiza wote tulioshirikiana, na ule uji nilikuwa sijausahau. Nilijiambia pia kwamba diwani aliyekula na mimi ugenini ni afadhali kuliko diwani nisiyemjua.

Fulana zilifika Rwenkoba, na siku ya kuteua mgombea ikanikuta nimerudi tena Guangzhou. Anatory alikwenda kupiga simu kwenye duka la simu, akaniomba nisimame naye, maana alitaka mtu wa kumpongeza. Aliyepokea ni Jovin, mwenyekiti wa Umoja, mtoto wa baba yake mdogo. Sauti ilikuwa inavuja nje ya mkono wa simu.

"Ta Anatory," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "kikao kimekataa."

"Kimekataa nini?"

"Sharti la misiba. Mgombea awe mzaliwa, na awe anafika misibani. Wewe msiba wa mwisho ulifika lini?"

"Nilituma sukari. Nilituma maturubai."

"Maturubai hayachimbi kaburi, kaka."

Sharti lile lilikuwa la Anatory. Alilidai mwenyewe kwa nguvu zote, ili kumzuia tajiri mmoja wa Dar, mzaliwa wa Rwenkoba, aliyetaka kuja kuchukua kata kwa magari yake. Alikuwa ananisimulia kwa majivuno jinsi kikao kizima kilivyompigia makofi. Kule Uhayani wanajua kupokea cha mtu aliye mbali, lakini kwenye msiba wanahesabu mgongo wako, si mkoba wako, na hilo alilijua tangu utoto. Alidhani linamhusu tajiri peke yake.

"Sasa mmemweka nani?" akauliza.

"Wameniomba mimi. Na fulana ni nzuri sana, Mungu akubariki."

Tukatoka. Njiani akanishika mkono.

"Mama Heriel, wewe misiba yote ya Rwenkoba unafika. Umepika kwenye matanga ya mama yangu. Waandikie kwamba uliniona misibani. Neno lako watalikubali."

Nilimtazama nikashindwa hata kucheka. Huko kwa mama yake nilisonga ugali mpaka viganja vikachubuka, naye alikuwa Bangkok.

"Neno langu mimi wa kuja?" nikasema. "Si mlisema hatuna neno? Na uongo juu ya maiti ya mama yako siandiki."

Tulitembea mpaka stesheni kama watu wasiojuana.

Jovin alishinda, kata nzima ikiwa ya kijani, rangi niliyoisafirisha mimi. Halmashauri ilipokaa, hoja yake ya kwanza ilikuwa vibanda. Changu akapewa shemeji yake, ambaye hakuwahi kuuza hata kitambaa cha leso. Nikahamishia biashara Mwanza. Kaburi la mume wangu naenda kulisafisha kama mtalii.

Mwaka haujaisha nikamkuta Anatory palepale Shahe, amekonda, ameinamia kofia.

"Za nani hizo?"

"Za Jovin. Mwakani uchaguzi mkuu, anataka kofia."

"Na wewe unamnunulia."

"Ni chama changu, Mama Heriel."

"Chama chako kimesema wewe si wa kwao."

"Kilisema sifiki misibani," akasema taratibu, huku anageuza kofia kuangalia mshono. "Sasa nisipotuma na kofia, watasema nini?"

Yule mama wa Kichina akamwonyesha kijani kingine, kilichokolea zaidi. Anatory akakipeleka mlangoni kukitazama kwenye mwanga, akarudi, akamwambia hicho ndicho.