Siku Ishirini na Nane za Mazoezi

"Chukua elfu mbili zako, mama, lakini huyu asirudi hapa. Anaongea peke yake!"

Ndivyo mwenye jimu moja hapa Machakos alivyomfokea mama aliyemleta mwanawe mwenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Daktari alishauri mazoezi pamoja na dawa. Siku ya tatu tu, kijana anafukuzwa.

Mama alizisukuma noti zikamrudia. "Sitaki pesa. Jana kijana wangu alilala usiku mzima. Na yule pale anayejisifu mbele ya kioo, mbona hujamfukuza?"

Mwenye jimu akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Nami niliyekuja kujiandikisha nikaondoka na pesa zangu.

Sikiza, bwana mwenye jimu. Kijana alilipia mwezi mzima. Amebakisha siku ishirini na nane. Mfungulie mlango azimalize.