Ufunguo ya Papa Kasongo

Leo nilifungia bantu kumi ndani na programu yangu mwenyewe.

Mi njo naandikaka programu ya milango ya bureau yetu: unaonyesha karte, bila kugusa, mulango inafunguka.

Asubui masasi ya bunduki ikalia ku mujini. Shefu akatelefona: «Funga yote!» Nikafunga na telefone.

Kisha rezo ya internet ikakatika. Mulango ikakatala karte zote, ata yangu; hatukuweza tena kutoka. Mama Béa, mwenzetu wa kazi, akapika kelele: «Batoto yangu beko ku masomo!»

Mulango ikafunguka toka inje.

Ni Papa Kasongo, sentineli wetu, mulinzi wa mulango. Juma iliyopita nilimunyanganya fungulo zote, eti juu ya usalama.

«Nisamehe, mwanangu. Nilibakisha moya.»

Saa hii rezo imerudi. Programu yangu imemuambia shefu kama mulango ilifunguka bila karte.

Ananiandikia: «Nani iko na ufunguo? Kesho asirudie ku kazi.»

Bandugu, nimujibu nini?